Mpinzani na Rais mpya: maswali yanayoulizwa Kigoma kila baada ya uchaguzi

Kila uchaguzi mkuu ukipita, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, kuanzia mwalo wa Kibirizi hadi stendi ya Kasulu, ubishi huwa ni ule ule: Rais ameshaapa, je, waliompinga wamwache afanye kazi au waendelee kumkaba koo? Mkoa wetu umekuwa na wapinzani wenye nguvu tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, kwa hiyo kwetu jambo hili linagusa ndugu, majirani na ndoa. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa mara nyingi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: Rais aliyechaguliwa kwa haki apewe nafasi ya kutawala, lakini asipewe ukimya wetu. Na Rais anayewanyima wapinzani wake nafasi hawezi kuidai kwao.

Kumpa Rais nafasi ni kufanya nini hasa?

Ni kukubali kwamba yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuunda serikali. Ni kulipa kodi na ushuru kama kawaida, kutii sheria zilizopo huku ukidai zile mbaya zibadilishwe, kusoma anachopendekeza kabla ya kukikataa, na kutowachochea askari wampindue. Basi, ni hayo tu.

Kusema, kuandika, kukusanyika na kwenda mahakamani ni haki zilizomo katika Ibara ya 18, ya 20 na ya 26 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Hakuna ibara inayosema haki hizo zinalala kwa miezi sita ili Rais azoee kiti. Kwa hiyo mtu akikuambia "mpeni nafasi" na ukaona anachotaka ni unyamaze, mwombe akuonyeshe palipoandikwa.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sasa wapinzani wanalalamika nini?

Methali hiyo ni ya kweli pale ambapo mashindano yalikuwa ya haki. Sisi wa Kigoma tuna mfano wetu wenyewe. Mwaka 1994 ulifanyika uchaguzi mdogo wa ubunge Kigoma Mjini, na Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA akatangazwa kuwa ameshindwa na mgombea wa CCM. Hakukubali. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1996 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba uchaguzi ule haukuwa wa haki, moja ya sababu ikiwa Redio Tanzania, chombo cha umma, kumpendelea mgombea wa chama tawala katika matangazo yake. Wanasheria bado wanaitaja hukumu hiyo. Kama Kabourou angeambiwa "kubali tu, tujenge nchi" naye akakubali, tungekosa hukumu inayosema chombo cha wote hakipaswi kufanya kazi ya chama kimoja.

Kwa kura za urais hali ni tofauti, na hapo ndipo penye kidonda. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mtu kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Wakili Jebra Kambole aliipeleka ibara hiyo mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo ipo hapa hapa nchini, Arusha. Tarehe 15 Julai 2020 mahakama hiyo ikaamua kwamba ibara inakiuka Mkataba wa Afrika. Ibara bado ipo.

Linganisha na Kenya. Mwaka 2013 Raila Odinga alikwenda Mahakama ya Juu, akashindwa, akatangaza kwamba haafiki uamuzi lakini anauheshimu. Mwaka 2017 alikwenda tena, na tarehe 1 Septemba mahakama ikaufuta ushindi wa Uhuru Kenyatta. Malawi nao walifuta uchaguzi wa urais kwa hukumu ya Februari 2020, wakarudia kura Juni mwaka huo, na aliyekuwa mpinzani, Lazarus Chakwera, akashinda. Ukimpa aliyeshindwa mlango wa mahakama, ni rahisi kumwambia "umesikilizwa, sasa tuendelee". Ukiufunga mlango huo, utamwambia akapeleke wapi shauri lake?

Kwa nini watu wa Kigoma mnalichukulia jambo hili kwa uzito namna hiyo?

Kwa sababu tumeona kwa macho yetu Rais mpya akinyimwa nafasi kwa risasi, na waliokimbia wakaja kwetu.

Juni 1993 Warundi walimchagua Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU kuwa Rais wao, wa kwanza kupatikana kwa uchaguzi wa vyama vingi. Alimshinda Rais aliyekuwa madarakani, Pierre Buyoya wa UPRONA. Buyoya alikubali matokeo na kukabidhi madaraka, jambo ambalo wengi Afrika nzima walilipongeza. Ndadaye aliapishwa tarehe 10 Julai. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba wanajeshi waliasi, wakamkamata na kumuua. Alikaa Ikulu kiasi cha miezi mitatu tu. Spika wa Bunge na naibu wake waliuawa pia, maana kikatiba ndio ambao wangeshika nafasi yake. Vilivyofuata ni mauaji ya kulipizana na vita vya zaidi ya miaka kumi.

Waulize wazee wa Kibondo, Kasulu na vijiji vya mpakani wakusimulie mwisho wa mwaka 1993: watu waliovuka kwa miguu wakiwa na watoto mgongoni, mashamba yaliyogeuka makambi, kisima cha kijiji kimoja kugawanywa na watu wa vijiji kumi. Mwalimu Nyerere alisuluhisha mgogoro ule hadi alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akaupokea, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Karibu miaka saba ya kutafuta amani kwa sababu ya usiku mmoja.

Lakini angalia vizuri nani alimnyima Ndadaye nafasi. Si mpinzani aliyepiga kelele jukwaani. Ni wenye bunduki. Mpinzani anayepiga kelele bungeni na mwanajeshi anayezunguka Ikulu kwa kifaru usiwaweke kwenye kapu moja. Kila ninapomsikia kiongozi akiita mkutano wa hadhara wa upinzani "uchochezi utakaotufikisha kama Burundi", naumia, kwa sababu Burundi haikufikishwa pale na mikutano ya hadhara.

Na mwaka 2015? Wale waliokuja na meli ya Liemba walikimbia nini?

Walikimbia upande wa pili wa jambo hili hili. Pierre Nkurunziza wa Burundi alikuwa amekaa madarakani tangu 2005, akataka muhula wa tatu. Wapinzani walisema Mkataba wa Arusha unaruhusu miwili. Yeye akasema ule wa kwanza hauhesabiki kwa kuwa alichaguliwa na Bunge, si na wananchi moja kwa moja. Maandamano yalianza Aprili. Tarehe 13 Mei, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa Afrika Mashariki, jenerali mmoja akatangaza mapinduzi, yakashindikana.

Maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kisicho na barabara. Kipindupindu kikaingia. MV Liemba ikaenda na kurudi ikiwabeba hadi bandari ya Kigoma, wakapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa Nyarugusu. Wengi wetu tuliwapelekea chakula na nguo.

Nkurunziza hakuwa Rais mpya, lakini fundisho linahusu. Nafasi anayopewa Rais ina mwisho wake kwenye Katiba. Anayekubali kumwachia kiongozi miaka yake kumi anafanya hivyo kwa kuamini kwamba ya kumi na moja haitakuwepo. Ahadi hiyo ikivunjwa, hata wale waliokuwa wavumilivu huanza kutafuta njia nyingine, nyingine zikiwa mbaya.

Kumpa nafasi kwa muda gani? Siku mia zinatosha?

Habari ya siku mia ilitoka Marekani, kwa Franklin Roosevelt mwaka 1933, aliyepitisha sheria nyingi kwa haraka kwa sababu benki zilikuwa zinafungwa na watu hawana kazi. Kwetu kipimo hicho hakiingii. Rais wetu huchaguliwa Oktoba, huapishwa kabla siku saba hazijapita tangu kutangazwa, na huteua Waziri Mkuu ndani ya siku kumi na nne. Lakini bajeti anayoikuta imeshapitishwa Juni, na inatumika hadi tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Miezi yake minane ya kwanza anatumia fedha zilizopangwa kabla hajapigiwa kura.

Kwa hiyo mimi hutumia vipimo viwili. Mambo ya fedha, kama barabara, dawa na mishahara, msubiri mpaka bajeti yake ya kwanza itekelezwe, yaani karibu miezi ishirini. Barabara ya kutoka Kigoma kupitia Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi imepitia mikono ya Kikwete, Magufuli na Samia. Mtu hawezi kumlaumu Rais wa mwezi wa pili kwa vumbi la Kakonko.

Mambo ya haki hayana subira. Kumkamata mtu bila kosa, kufungia gazeti, kuzuia mkutano, kumpoteza mtu: hayo hayahitaji bajeti. Mhoji siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya pili tangu aape.

Wabunge wa upinzani wanaotoka nje ya ukumbi Rais akihutubia, si utoto huo?

Mara nyingine hunikera, mara nyingine naona hawakuwa na njia nyingine. Novemba 2010 wabunge wa CHADEMA walitoka ukumbini Rais Kikwete alipokuwa akizindua Bunge. Wengi waliwasema vibaya. Lakini mwaka mmoja baadaye, Novemba 2011, viongozi wa chama hicho hicho walikuwa Ikulu wakizungumza na Kikwete kuhusu sheria ya mabadiliko ya katiba, na mwaka 2012 Tume ya Jaji Joseph Warioba ikaanza kazi. Kutoka ukumbini hakukuzuia chai ya Ikulu. Heshima kwa Kikwete pia, maana hakuwawekea kinyongo.

Kinachonitia hofu zaidi ni kususia uchaguzi wenyewe. Mwaka 2010 wapinzani wa Burundi walisusia kura ya urais wakidai wameibiwa kwenye uchaguzi wa awali wa tarafa. Nkurunziza akagombea peke yake na chama chake kikajaza Bunge. Zanzibar nako, baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 kufutwa, CUF walisusia wa marudio wa Machi 2016, na Dk. Ali Mohamed Shein akapata zaidi ya asilimia 90. Nawaelewa waliosusia, kwani walikuwa na sababu. Ila baada ya hapo walibaki wachache mno wa kusimama ndani na kuuliza fedha zimekwenda wapi.

Tupe mfano mmoja wa mpinzani aliyemsaidia Rais bila kumnyamazia.

Upo wa kwetu. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA, alitaka Bunge lichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Badala ya kuchunguzwa mkataba, akasimamishwa yeye. Alipokewa mitaani kama shujaa. Miezi michache baadaye Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto akawa miongoni mwa wajumbe. Kulikuwa na waliomwambia akatae: kwamba ananunuliwa, kwamba anaziba mdomo wake. Alikubali. Kazi ya kamati ile ilichangia kuzaliwa kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010.

Na hakuzibwa mdomo. Novemba 2014 alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, aliposoma bungeni ripoti ya akaunti ya Tegeta Escrow, sakata la fedha za umeme zilizotolewa Benki Kuu, iliyoitikisa serikali ya Kikwete huyo huyo. Makamu wake katika kamati, Deo Filikunjombe, alikuwa wa CCM. Kwangu hilo ndilo jibu zuri kuliko maneno yangu yote: mpinzani anaweza kukaa kwenye kamati ya Rais asubuhi na kuwahoji mawaziri wake jioni, na nchi ikafaidi mara mbili.

Vipi wale waliohama vyama "kuunga mkono juhudi"?

Hao hawakumpa Rais nafasi. Walimpa viti. Kuanzia mwisho wa 2017 wabunge na madiwani kadhaa wa upinzani walijiuzulu wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli, kisha wengine wakasimamishwa na CCM kugombea viti vile vile walivyoviacha, kama ilivyokuwa Siha na Kinondoni mwezi Februari 2018. Fedha za umma zikatumika kurudia chaguzi. Siku moja kabla ya kura za Kinondoni, polisi walipokuwa wakiwatawanya waandamanaji wa CHADEMA, risasi ilimuua mwanafunzi wa chuo aliyekuwa amekaa ndani ya daladala.

Unaweza kuunga mkono juhudi ukiwa ndani ya chama chako. Bajeti nzuri ipigie kura ya ndiyo. Barabara nzuri isifu. Huhitaji kubadilisha shati.

Kuingia serikalini pamoja na aliyekushinda, je? Si ndiyo njia bora ya kuleta amani?

Inategemea unaingia na nini mkononi. Zanzibar, baada ya maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni ya Julai 2010 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Uchaguzi wa mwaka huo Maalim Seif alishindwa kwa tofauti ya takriban asilimia moja, akakubali, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Zanzibar ilipita uchaguzi ule kwa utulivu ambao haikuwa imeuzoea. Nafasi aliyoingilia ilikuwa imeandikwa kwenye katiba, haikuwa zawadi ya mtu.

Kenya walifanya vingine. Machi 2018 Raila na Uhuru walipeana mikono, fujo zikatulia, na hilo ni jema. Lakini upinzani bungeni ukapoa. Julai 2024, baada ya vijana kuandamana kupinga muswada wa fedha na wengi kuuawa, Rais Ruto aliingiza viongozi wa ODM, chama cha Raila, kwenye baraza la mawaziri. Vijana wale wakabaki bila chama cha kuwasemea. Mimi naogopa sana nchi ambayo wakubwa wote wako upande mmoja wa meza.

Mbona mnazungumzia wajibu wa mpinzani tu? Rais mpya hadaiwi kitu?

Anadaiwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye mwenye polisi.

Nitumie mfano wa hapa nyumbani. Mwaka 2015 ACT-Wazalendo walishinda udiwani wa kutosha kuongoza Manispaa ya Kigoma Ujiji. Mwaka uliofuata manispaa yetu ikachaguliwa kuwa kati ya serikali za mitaa 15 duniani za kujaribu mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Mji wa mwisho wa reli, ukakaa orodha moja na Paris na Buenos Aires! Mwaka 2017 Tanzania ikajiondoa kwenye mpango huo, na Kigoma Ujiji ikatoka nayo. Madiwani wa upinzani waliokuwa wamechaguliwa na wananchi, wakijaribu kuweka hesabu zao hadharani, hawakupewa nafasi ya kumaliza.

Wakati huo huo wapinzani wengi walikuwa wameanza kwa kumpa Magufuli nafasi, tena kwa moyo. Alipofuta sherehe za Uhuru za Desemba 2015 ili watu wafanye usafi na fedha zipanue barabara ya Morocco hadi Mwenge, hata waliompigia mpinzani wake Lowassa walimpongeza. Januari 2016 matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yakasitishwa kwenye televisheni ya taifa. Katikati ya mwaka mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku, marufuku iliyodumu mpaka Januari 2023. Septemba 2017 Tundu Lissu, mbunge wa CHADEMA, akamiminiwa risasi Dodoma, akanusurika, na mpaka leo hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa kosa hilo.

Ng'ambo ya kusini ya ziwa letu, Zambia, Hakainde Hichilema alikaa gerezani miezi minne mwaka 2017 kwa tuhuma ya uhaini, iliyoanzia kwenye madai kwamba msafara wake haukuupisha wa Rais Lungu. Mwaka 2021 wananchi wakamchagua Hichilema, na Lungu, kwa heshima yake, akakubali na kuondoka. Rais anayeutendea upinzani vibaya asisahau kwamba kesho anaweza kuwa yeye ndiye mpinzani.

Mbowe alimpa Rais Samia nafasi. Alipata nini?

Swali hili linauma, na sitalikwepa. Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi 2021 baada ya Magufuli kufariki. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa Julai mwaka huo na kushtakiwa kwa ugaidi. Machi 2022 mashtaka yakaondolewa, na siku ile ile akaenda Ikulu kukutana na Rais. Yakaanza mazungumzo kati ya CHADEMA na CCM, Rais akazungumzia falsafa yake ya 4R (maridhiano, ustahimilivu, mageuzi na kujenga upya), marufuku ya mikutano ikaondolewa, Lissu akarudi nchini. Kwa miezi mingi wapinzani walipunguza makali, wakisubiri katiba mpya na tume huru.

Jina la Tume lilibadilishwa mwaka 2024 na kuongezewa neno Huru. Katiba mpya haikuja. Septemba 2024 kada wa CHADEMA Ali Kibao alishushwa kwenye basi na watu wenye silaha, akakutwa amekufa. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulikwenda kwa CCM karibu wote, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa. Januari 2025 wanachama wa CHADEMA wakamwondoa Mbowe kwenye uenyekiti na kumchagua Lissu.

Mimi simlaumu Mbowe kwa kujaribu. Mtu aliyetoka gerezani na kukubali kukaa meza moja na serikali iliyomfunga ana moyo mkubwa kuliko wa wengi wetu. Lawama yangu iko kwa upande uliopokea subira yake na kuitumia kama muda wa kupumua. Subira ya namna hiyo ikishachezewa mara moja, anayefuata hawezi tena kuwaomba wanachama wake wavumilie.

Na uchaguzi wa 29 Oktoba 2025? Baada ya hapo wapinzani wampe Rais nafasi?

Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Chama chake hakikuwa kwenye karatasi ya kura. Mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alienguliwa. Kwa hiyo vyama viwili vikubwa vya upinzani Tanzania Bara havikuwa na mgombea urais. Siku ya kura maandamano yalizuka miji mbalimbali, intaneti ikazimwa, watu wakauawa. Rais akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97, akaapishwa Dodoma tarehe 3 Novemba.

Kumwambia mama aliyempoteza mtoto siku ile kwamba sasa ampe Rais nafasi ni kumdai yeye wakati yeye ndiye anayedai. Kwanza apewe maiti ya mwanawe azike. Aambiwe nani alifyatua na kwa amri ya nani. Wafungwa wa kisiasa waachiwe, au wahukumiwe mahakamani kwa uwazi. Katiba ianze kuandikwa upya na ibara ya 41(7) iondoke. Mazungumzo ya kupeana nafasi yaanzie hapo.

Na bado sitamwambia kijana wa Kigoma achome kituo cha polisi, wala amtamani mwanajeshi Ikulu. Nimeeleza juu kwa nini. Adai, aandike, aende mahakamani, akatae kusahau.

Tukimwombea Rais msikitini au kanisani, tumekuwa wa chama chake?

Hapana. Mwombee afya na hekima. Ukitoka nje muulize diwani wake kuhusu maji.

Mimi ni mvuvi tu wa dagaa. Mambo ya Ikulu yananihusu nini?

Ndugu yangu, ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, ulikaa nyumbani miezi mitatu. Uamuzi ule ulitokana na makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, na serikali zao ndizo zilizokubaliana. Mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri, wote huteuliwa na Rais, hakuna hata mmoja uliyempigia kura.

Na hapo hapo unaona upinzani mzuri unavyokuwa. Wapo waliosema serikali inawachukia wavuvi, basi. Wapo waliokubali kwamba migebuka na dagaa wanapungua kweli na ziwa linahitaji kupumzika, kisha wakauliza: familia zitakula nini miezi hiyo, mikopo ya boti italipwaje, na kwa nini wavuvi hawakuulizwa mapema? Hawa wa pili wamempa Rais nafasi, na wamemhoji kwa wakati mmoja.

Nataka kuanza. Niulize nini, na wapi?

Anzia karibu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo. Nenda na kalamu. Kama haujaitishwa, mwandikie mtendaji barua na ubaki na nakala yake. Kwa walio mjini, vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi kusikiliza. Uliza fedha za zahanati zilizotajwa kwenye bajeti zimefika kiasi gani na lini. Uliza ahadi iliyotolewa kwenye kampeni kata yako imo kwenye mpango wa mwaka huu au haimo. Akikujibu vizuri mwenyekiti wa chama usichokipenda, andika jibu lake kama lilivyo, na urudi naye baada ya miezi mitatu ukiwa na karatasi ile ile.